Stelingi na adui wa simulizi yako: dalili za tatizo, chanzo chake na namna ya kurekebisha

Hii ni kwa wale mnaoandika simulizi, iwe unaposti sehemu kwa sehemu kwenye grupu la WhatsApp, iwe una skripti ya filamu fupi, iwe ni riwaya unayoihangaikia usiku watu wamelala. Malalamiko ya wasomaji yanafanana mno. "Stelingi kapoa." "Adui anaboa." "Mbona sielewi nani ni nani." Ukiyafuatilia mpaka chini mengi yanatokea sehemu moja, mwandishi kaanza kuandika kabla hajajua hawa watu wawili wanagombania nini. Shuleni tuliambiwa mhusika mkuu na mhasimu wake, mtaani ni stelingi na adui, na hapa natumia ya mtaani maana ndo tunayoongea.

Nimepanga kwa dalili. Kila dalili naanza na chanzo kinachotokea sana nashuka mpaka kile cha nadra, na vipimo vyepesi vinatangulia, kwahiyo usikimbilie kuandika upya sehemu zote 30 wakati pengine tatizo ni aya mbili tu.

Kipimo cha kwanza, kabla hujagusa kitu

Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: nani anataka nini, nani anamzuia, na huyo anayezuia naye anatafuta nini. Tuseme hivi, Mwanaidi hataki nyumba ya marehemu baba yake iliyopo Makorora, Tanga, iuzwe, na baba yake mdogo Shaweji anataka iuzwe kabla ya Ramadhani maana anadaiwa na wenye madeni wameshaanza kumfuata nyumbani.

Iangalie hiyo sentensi vizuri. Hakuna sehemu imesema Mwanaidi ni mwema, wala haijasema Shaweji ni mbaya. Stelingi ni yule ambaye haja yake ndo inabeba hadithi, tunaamka nayo na kulala nayo, na adui ni yule aliyesimama kati yake na hiyo haja. Wema na ubaya ni mambo mengine kabisa, unaweza kuyaweka popote unapotaka. Watu wengi wanachanganya hapa, wanadhani stelingi maana yake mtu mzuri na adui maana yake mtu mbaya, afu wanashangaa kwanini hadithi haitembei.

Kama sentensi yako haiandikiki, au inaandikika ila haja za hao wawili hazigusani, yani mmoja anataka nyumba Tanga na mwingine anataka kugombea udiwani Morogoro, basi umeshapata tatizo lako na huna haja ya kusoma dalili zingine kwanza. Tafuta kitu kimoja wote wawili wanachokihitaji na hawawezi kukipata wote.

Dalili ya 1: "Kwani stelingi nani hapa?"

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kufungua na watu wasio na kazi. Sehemu ya kwanza nzima inaenda kwa konda wa daladala, kwa bibi mwenye duka, kwa mvua, afu Mwanaidi anatokea mwishoni kabisa anapiga chafya, itaendelea. Msomaji anamshika mtu wa kwanza anayeamua jambo, ndo alivyo, kwahiyo kipimo chake ni rahisi: tafuta uamuzi wa kwanza kwenye simulizi yako ni wa nani. Kama ni wa konda, msomaji kashamfuata konda. Kata, au umlete stelingi mapema akiwa anafanya kitu.

Kinachofuata ni kurukaruka vichwani. Aya hii tunajua anachowaza Mwanaidi, inayofuata tunajua anachowaza mpangaji, inayofuata mwanasheria. Pitia sehemu moja, kila aya iandikie pembeni jina la mtu ambaye tuko kichwani mwake. Ukikuta majina manne kwenye kurasa mbili, punguza yabaki mawili.

Mara chache tatizo ni kwamba kweli una stelingi wawili wenye haja mbili tofauti, na hapo ni kazi kubwa kidogo, ama uwafunge kwenye haja moja ama ukubali una simulizi mbili, na sio dhambi kuwa nazo mbili.

Na kuna wakati hakuna tatizo lolote, ni jina la hadithi tu limempeleka msomaji kwingine. Tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ile toleo la 1969 linaitwa Juliasi Kaizari, mwenye jina lake anauawa kwenye tendo la tatu na hadithi inaendelea bila yeye, maana anayebeba mzigo wa kuamua ni Brutus. Jina la juu halimchagui stelingi.

Dalili ya 2: Wasomaji wanamshangilia adui

Hii inawaumiza sana waandishi, unakuta komenti zote ni "Shaweji noma" na Mwanaidi hatajwi.

Mara nyingi sana chanzo ni hiki: adui ana mipango, stelingi ana machozi. Shaweji kaitisha kikao cha ukoo, kapata muhtasari wenye saini, kaupeleka mahakama ya mwanzo, kathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, kaleta mteja kuangalia nyumba. Mwanaidi muda wote huo kafanya nini? Kalia sebuleni, kalia kwa rafiki yake, kasali, kalia tena. Msomaji haangalii nani ana haki, anamwangalia nani anasogea. Kipimo: andika orodha ya vitenzi, kila alichofanya Shaweji upande mmoja, kila alichofanya Mwanaidi upande wa pili, ukihesabu kulia na kushangaa kama sifuri. Utaona mwenyewe.

Kurekebisha sio lazima Mwanaidi awe na nguvu kama za Shaweji. Mwangalie Fumo Liyongo kwenye masimulizi ya pwani. Yupo gerezani Pate, kafungwa, sultani kashaamua kumuua, hana chochote. Lakini anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, mama anaoka mkate mzuri na mkate wa wishwa, ndani ya ule wa wishwa kuna tupa. Askari wanachukua mkate mzuri wanakula wenyewe, ule wa makapi wanamwachia mfungwa. Afu anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Mtu aliyefungwa mikono na miguu ndo anayesogeza hadithi! Na angalia plani yenyewe inategemea nini, inategemea ulafi wa walinzi, yani ametumia tabia ya upande wa adui kama silaha yake. Sasa Mwanaidi wako ambaye yuko huru na ana miguu anashindwaje kwenda mahakama ya mwanzo kuweka pingamizi, au kumtafuta shangazi mmoja ambaye saini yake kwenye muhtasari haifanani na ya kweli? Mpe kitendo kidogo kila sehemu, hata kikishindwa. Kushindwa akiwa anajaribu kunamfanya msomaji amshike mkono, kulia tu hakufanyi.

Chanzo cha pili, stelingi hana kosa hata moja. Mzuri, mpole, anajua kupika, anasamehe kila mtu. Mtu wa hivyo hana cha kuamua maana jibu lake linajulikana kabla hajaulizwa. Mpe tamaa moja au hasira moja ambayo itamgharimu. Labda Mwanaidi naye aliwahi kuchukua kodi ya wapangaji mara kadhaa bila kumwambia mtu, na Shaweji anajua.

Cha tatu, wewe mwenyewe unafurahia kumwandika adui. Maneno yake matamu, anaingia vizuri, anavaa vizuri, stelingi anaongea kama barua ya maombi ya kazi. Soma mazungumzo yao kwa sauti, hilo linatosha kukuonyesha.

Cha nadra ni kwamba adui ana haki kweli. Kama ukisoma tena unakuta Shaweji ndo alimuuguza marehemu miaka yote, madeni yenyewe ni ya hospitali, na Mwanaidi alikuwa mjini hapokei simu, hapo usilazimishe. Pengine hadithi ni ya Shaweji na Mwanaidi ndo aliyesimama njiani. Jaribu kuandika sehemu moja tu kutoka kwake uone kama inapumua zaidi, ikipumua hamia huko.

Dalili ya 3: Adui ni mbaya tu, hatujui kwanini

Anatesa, anacheka, anavuta sigara gizani, kesho anatesa tena. Wasomaji wanachoka haraka kuliko unavyodhani.

Sababu kubwa, hana haja yake mwenyewe, yupo ili stelingi ateseke basi. Muulize adui wako maswali matatu: unataka nini, ukikosa utapoteza nini, na kwanini unaona una haki ya kukipata. Hilo la tatu ndo muhimu. Shaweji hajioni mwizi, anaona "mimi ndo mkubwa wa ukoo sasa, kaka kaniachia mzigo". Andika ukurasa mmoja wa hadithi yote akisimulia yeye kwa mke wake usiku, sio wa kuposti, ni wako wa kujua. Ukiumaliza ukiwa umemhurumia kidogo, adui wako kashakuwa mtu.

Sababu ya pili umemtoa dukani akiwa tayari. Mama wa kambo, mama mkwe, mganga, hausigeli, tajiri mwenye nyoka chumbani. Hapa nasema wazi kwamba mama wa kambo mkatili kwenye kila simulizi sio uvivu tu, kuna akinamama wengi wanalea watoto wasiowazaa kwa moyo kabisa, wanasoma hizi simulizi zetu, na watoto wao wanazisoma pia. Kama lazima awe mama wa kambo mpe sababu ambayo hata mama mzazi angeweza kuwa nayo. Kipimo: mbadilishie uhusiano, mfanye shangazi wa damu, kama hadithi inavunjika basi ulikuwa unategemea neno "kambo" likufanyie kazi yako. Na hii inaenda kwa kabila na dini vile vile, kama adui wako ubaya wake wote unaelezwa na anakotoka, futa uanze upya.

Sababu ya tatu, umeliachia jina na sura kazi yote. Shaaban Robert aliwaita watu wake kwa tabia zao na ikafanya kazi, kwenye Adili na Nduguze kaka mwema ni Adili na ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Lakini hakuishia kwenye majina. Wale ndugu wanageuzwa manyani, na Adili anatakiwa awachape kila usiku, na anawachapa huku inamuuma yeye. Hapo ndo pana hadithi, adui anayekuumiza ni ndugu yako na adhabu yake inapita mkononi mwako. Ukimwita adui wako Katili na ukampa kovu usoni bila kitu cha namna hiyo, umeandika jina tu.

SIMAMA HAPA: kama adui hana sababu kwa kuwa ni mtu halisi unayemchukia, bosi wako, eks wako, jirani, na umemwekea jina lake au alama ambazo mtaa mzima utamtambua, usiposti. Kuna kesi za kashfa, na kuna sheria za makosa ya mtandao, Tanzania ya mwaka 2015 na Kenya ya 2018. Kubadilisha herufi moja ya jina hakukulindi. Badilisha kazi, mji, umri, na tukio lenyewe, na kama bado unaona lazima tukio libaki lilivyo basi nenda kwa wakili kwanza na maandishi yako mkononi.

Na kama adui ni mtu aliyekuumiza kweli mwilini, na kila ukiandika sehemu yake unatetemeka au usingizi unakata, acha kuandika kwa sasa. Hilo sio tatizo la uandishi. Tafuta mshauri nasaha, au ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi, na kama ni mtoto basi namba 116 ni bure Tanzania na Kenya. Simulizi itasubiri.

Dalili ya 4: Simulizi imekata pumzi katikati

Angalia kwanza kama adui kafa au kakamatwa mapema. Kafa sehemu ya 9, wewe una plani ya sehemu 25, kwahiyo unamleta mwingine, naye anakufa, unamleta mwingine. Wasomaji wanaanza kuhesabu maiti badala ya kufuata hadithi. Rudi ulipomuua umwache hai, hata kwa kumjeruhi tu.

Kama yupo hai basi angalia kama ana nguvu. Adui anatakiwa awe na kitu stelingi hana, pesa, cheo, saini, siri. Shaweji akiwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ana kalamu ambayo Mwanaidi hana, hiyo peke yake inakubeba sehemu nyingi sana.

Halafu angalia bahati. Kila stelingi akibanwa polisi wanatokea, simu inaita, mvua inanyesha. Sote tunajua stelingi hafi, lakini msomaji akiona unamwokoa kwa mkono wako ataacha kuogopa, na asipoogopa hasomi. Bahati ruhusu impeleke kwenye shida, isimtoe.

Dalili ya 5: "Mbona hamna adui?"

Hapa usiogope, adui sio lazima awe mtu. Ukame, pombe, ugonjwa, mila, hata stelingi mwenyewe. Kwenye Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, Wajerumani wapo na wana bunduki, lakini kinachomkaba Kinjeketile zaidi ni neno alilolitoa yeye mwenyewe kwamba maji yake yanazuia risasi, limewaunganisha watu, limekuwa kubwa kumshinda, na haliwezi kurudi mdomoni. Mwisho wake Wajerumani wanataka aseme maji yalikuwa uongo na anakataa, na ukiusoma huo mwisho unaona maadui wawili wanamvuta kwa wakati mmoja, wa nje na wa ndani.

Tatizo linakuja pale ambapo adui asiye mtu hana mkono. Umeandika "mila zinamkandamiza" sehemu tano mfululizo na hatujaona mila ikifanya chochote. Dawa nyepesi ni kumpa msemaji: mjomba anayekuja na wazee watatu kukaa kwenye mkeka, anaongea kwa upole, anampenda kabisa huyo binti, na bado anasema lazima. Mjomba sio adui, adui ni mila, ila sasa ina sauti. Kwa pombe ni chupa iliyofichwa kwenye gunia la mkaa. Kwa ugonjwa ni tarehe ya kurudi kliniki.

Kama adui ni stelingi mwenyewe, mpe haja mbili zinazopingana na umlazimishe kuchagua mbele yetu. Kuwaza tu kitandani kurasa nne hakutoshi.

Dalili ya 6: Msaliti kameza hadithi

Rafiki kamsaliti stelingi, wasomaji wamepagawa, na sasa kila mtu anadhani rafiki ndo adui na yule adui wa kweli kasahaulika. Chanzo karibu siku zote ni kuchanganya mkono na mwenye mkono. Rudi kwa Liyongo. Aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa kalala ni mwanawe wa kumzaa, na ndo tukio ambalo hakuna anayelisahau. Lakini kijana alitumwa, aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme, na aliyekuwa anaogopa Liyongo asimnyang'anye kiti ni mtawala wa Pate tangu mwanzo. Mtoto ni chombo. Maumivu ni makubwa kwa sababu ya mtoto, ila hadithi inasimama kwa sababu ya mfalme.

Kipimo: mwondoe msaliti kichwani kwa dakika moja. Kama mgogoro bado upo, basi ni msaliti tu, na unahitaji kumrudisha adui mkubwa jukwaani ndani ya sehemu mbili tangu usaliti, akivuna alichopanda. Kama mgogoro umeisha kabisa basi huyo rafiki ndo alikuwa adui muda wote, na itabidi urudi nyuma upande dalili ndogo ndogo, maana msomaji akishtuka bila kuona hata alama moja nyuma anajisikia kadanganywa.

Dalili ya 7: Stelingi ni mbaya kuliko adui

Hii mara nyingi sio ugonjwa. Sungura alikataa kuchimba kisima na wenzake, afu akaja kuiba maji, akawadanganya walinzi mmoja mmoja mpaka kobe alipomnasa, na sisi watoto tulikuwa upande wa Sungura wakati wenye haki ni wale wanyama waliotoka jasho. Rekebisha tu kama wasomaji wanasema wameacha kujali anachotaka. Wakisema "mshenzi huyu ila ngoja tuone", uko salama, endelea.

Vipimo vyote umefanya na bado

Kama sentensi ya mwanzo inaandikika, orodha ya vitenzi iko sawa, adui ana sababu, na bado wasomaji wanaondoka, acha kuchokonoa. Ukiendelea kubadilisha utaharibu na vilivyokuwa vizima. Tafuta muhariri, na umpelekee ile sentensi moja, sehemu ya kwanza, sehemu ya katikati pale watu walipoanza kupungua, na komenti zenyewe kama zilivyoandikwa. Kubaliana bei na kazi kabla, kwa maandishi, na useme wazi kama unataka akuonyeshe matatizo au akuandikie, maana ni kazi mbili tofauti na za bei tofauti. Kabla hujamtumia mtu usiyemfahamu simulizi nzima isajili kwanza kwenye ofisi ya hakimiliki, Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO, na nakala yenye tarehe ubaki nayo kwenye barua pepe yako.